BASI LETU KUUKUU, GESI YA BARIDI, NA MKONO WA KIJANA WA GEREJI

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Wengi wenu mnalijua basi letu. Mmeliona limesimama nje ya lango la kiwanda wakati wa kubadilisha zamu, mmeliona likipanda polepole mlima kwenda kwa wenzetu wa kahawa, na ninyi wa upande wa Jinja mmeliona pembeni mwa mashamba ya miwa. Ni basi kuukuu, liliundwa miaka ya 1980 kwa ajili ya abiria wa safari ndefu, kisha likabeba wafanyakazi wa zamu ya usiku mpaka likachoka. Tulilinunua mnadani kwa michango yenu ya kidogo kidogo. Tukang'oa viti vya nyuma, tukatia kitanda cha kupimia wagonjwa, mabenchi mawili, meza na kabati la dawa. Mbele ni darasa, nyuma ni zahanati.

Leo hatuandiki habari za mkutano wala za nyongeza ya mshahara. Tunaandika habari za gesi ya kupoza hewa ndani ya basi hilo. Msicheke. Katika jambo hilo dogo kijana mmoja aliumia, na sisi tunaojiita watetezi wa wafanyakazi tulikuwa na sehemu yetu katika kuumia kwake. Tumeona ni haki tuwaeleze yote, maana basi ni lenu na fedha ni zenu.

KWA NINI BASI LA WAFANYAKAZI LINA KIPOZA HEWA

Mzee mmoja mwanachama alisimama mkutanoni akatuuliza: "Ndugu, tangu lini mfanyakazi akahitaji hewa ya barafu? Zama za mabasi ya UTC na PTC tulifungua madirisha, tukafika salama."

Swali la mzee ni zuri na linastahili jibu. Mabasi yale ya zamani yalikuwa na madirisha ya kufungua. Basi letu lina vioo vizima vilivyobandikwa kwa gundi, kwa kuwa waliolitengeneza walitegemea mtambo wa kupoza hewa ulio juu ya paa. Mtambo ukifa, basi huwa tanuri. Katika jua la Januari na Februari hapa Mbale, watu 20 wakiketi ndani kusikiliza somo, baada ya nusu saa hakuna anayesikia neno. Mama mjamzito aliyelala juu ya kitanda cha nyuma hupata kizunguzungu. Tena dawa nyingi zimeandikwa juu ya pakiti zake kwamba zisiwekwe mahali penye joto kupita digrii 30. Kwa hiyo si anasa. Ni chombo cha kazi, kama ilivyo breki.

KISA CHENYEWE

Kiangazi kilichopita mtambo ulianza kutoa hewa ya vuguvugu. Dereva wetu alilipeleka basi katika gereji moja ya mjini. Gereji hiyo hatuitaji jina, maana ziko nyingi za namna hiyo na shida si ya mtu mmoja. Kijana fundi, mwenye umri kama wa watoto wetu, alitusalimu kwa adabu, "Mulembe, wazee," akafunga geji yake, akatazama sindano, akasema, "Gesi imepungua." Akatia makopo kadhaa. Baridi ikaja. Tukalipa, tukamshukuru, tukaenda zetu.

Baada ya wiki sita joto likarudi. Tukarudi gereji. Kijana akatia makopo mengine. Tukalipa tena. Baada ya mwezi mmoja, hali ni ile ile.

Mara ya tatu tulifika tumekasirika. Kesho yake basi lilitakiwa kwenda kwa wenzetu wa mpunga, na watu walikuwa wamekwisha arifiwa. Kijana alisema kwa sauti ndogo, "Wazee, nadhani kuna mahali panavuja. Inafaa nifungue mipira niikague, itachukua siku mbili." Bosi wake akamkatiza kwamba siku mbili ni za wavivu. Na sisi tulisema nini? Tulisema, "Kijana, sisi hatuna siku mbili, tena bei yako tupunguzie nusu, hili ni basi la wafanyakazi." Ndivyo tulivyosema, tena mbele ya watu.

Basi kijana akaharakisha. Hakuwa na glavu wala miwani. Alilegeza nati ya mpira uliokuwa bado na gesi ndani, akidhani umekwisha tupu. Gesi ikaruka ikiwa maji, ikampiga kiganja cha mkono wa kulia na vidole vitatu, na matone yakaingia jicho moja. Ngozi iligeuka nyeupe kama nta. Rafiki yake mmoja akaanza kuusugua ule mkono ili aupashe moto, jambo ambalo baadaye daktari alituambia lilizidisha jeraha. Tulimbeba kwenda hospitali. Jicho lilipona kwa sababu mama mmoja muuza chai alikimbia na jagi la maji safi akammiminia usoni bila kukoma. Mkono ulichukua miezi miwili na zaidi, na kidole kimoja mpaka leo hakikunjiki vizuri.

Tulipomwuliza bosi juu ya gharama za hospitali alitujibu hivi: "Huyu si mfanyakazi wangu. Huyu anajifunza tu."

Ndugu zangu, maneno hayo tumeyasikia mara ngapi katika kazi yetu? Lakini safari hii yalituchoma kwa sababu nyingine. Sisi tulikuwa wateja. Sisi ndio tuliomharakisha.

GESI HAILIWI KAMA PETROLI

Baada ya hapo tuliamua kujifunza. Tulimtafuta fundi mzee wa mafriji, mtu aliyefanya kazi hiyo tangu ujana wake, tukamwomba atufundishe kama tunavyowafundisha ninyi hesabu za karatasi ya mshahara. Haya ndiyo aliyotuambia.

Jambo la kwanza: gesi ya baridi haiishi kwa kutumika. Petroli huungua ikaisha, lakini gesi hii huzunguka tu ndani ya mabomba, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Kompresa inayozungushwa na mkanda wa injini huibana gesi mpaka inakuwa na moto. Gesi hiyo yenye moto hupita katika kondensa, ambayo ni kama rejeta, feni huipuliza, nayo hutoa joto lake nje na kugeuka maji. Maji hayo hupita katika vali yenye tundu dogo sana, mgandamizo hushuka ghafla, nayo huanza kuchemka na kurudi kuwa gesi ndani ya rejeta nyingine iliyo upande wa abiria. Kitu kinapochemka hunyonya joto. Hapo hunyonya joto la hewa ya basi, na feni hutuletea ubaridi. Kisha gesi hurudi kwenye kompresa kuanza safari upya. Yaani mtambo huu hautengenezi baridi. Huchukua joto la ndani na kulitupa nje, kama mpagazi anayetoa magunia ghalani.

Basi ikiwa gesi imepungua, imetoka. Na ikiwa imetoka, pana tundu. Kutia gesi bila kutafuta tundu ni kuteka maji kwa pakacha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tulilipa ukuta mara mbili.

Fundi mzee alitupa sababu kwa nini basi huvuja kuliko gari dogo. Mipira yake ni mirefu, hutoka kwenye injini mpaka juu ya paa. Barabara zetu hulitikisa. Mpira wa miaka 30 umekauka na kupasuka nyufa zisizoonekana kwa macho. Tena gari dogo huchukua gesi chini ya kilo moja, lakini mtambo wa basi huweza kuchukua kilo kadhaa, kwa hiyo hasara nayo ni kubwa.

GESI YA ZAMANI NA GESI YA SASA

Jambo la pili lilitushangaza zaidi. Mzee alipanda juu ya paa, akafuta vumbi kwenye kibati cha mtambo, akatuonyesha maandishi: R-12. "Mnaona?" alisema. "Mtambo huu ulizaliwa kwa gesi nyingine. Ninyi mmetiwa R-134a juu ya oili ya zamani."

Hapa lazima tueleze historia kidogo, kwa kuwa inamhusu kila mwenye basi kuukuu, friji kuukuu au ghala la baridi.

Gesi ya R-12, ambayo wengi waliiita Freon, ilianza kutumika miaka ya 1930. Ilisifiwa sana kwa kuwa haiwaki moto na haina sumu kama amonia. Lakini mwaka 1974 wataalamu wawili, Mario Molina na Sherwood Rowland, walieleza kwamba gesi za namna hiyo zikipanda juu sana angani huharibu tabaka la ozoni, ambalo hutukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1985 Waingereza waliokuwa wakipima hewa kule Antaktika walitangaza kwamba kila mwaka ozoni ya huko hupungua vibaya katika miezi fulani. Mnamo tarehe 16 Septemba 1987 mataifa yalitia sahihi mapatano mjini Montreal, Kanada, ya kuacha gesi hizo. Uganda iliingia mwaka 1988. Nchi tajiri ziliacha kutengeneza R-12 mwanzoni mwa 1996, na nchi kama zetu zikapewa mpaka tarehe 1 Januari 2010.

Kwa hiyo tangu katikati ya miaka ya 1990 magari mapya yalikuja na R-134a. Gesi hiyo haiharibu ozoni, lakini nayo ina kosa lake: kilo moja ikitoroka hewani hupasha dunia joto kama kilo 1,400 na zaidi za gesi ya kaboni inayotoka katika moshi wa magari. Ndiyo maana mwezi wa Oktoba 2016 mataifa yalikutana hapa jirani, Kigali, wakakubaliana kuipunguza nayo hatua kwa hatua. Mkulima wa kahawa wa Elgon anayeona mvua zikibadilika na mlima ukiporomoka anajua kwamba habari za hali ya hewa si za wazungu peke yao.

Sasa hatari kwa basi letu ilikuwa hii. Oili ya mtambo wa R-12 ni oili ya madini. Hiyo haichanganyiki na R-134a. Gesi inapozunguka, oili hubaki imelala katika mabomba, na kompresa hukosa mafuta. Itafanya kazi kwa muda, halafu itakwama, na chembe za chuma zitajaa katika mtambo mzima. Kompresa ya basi si bei ya kuku.

Kuhamisha mtambo wa R-12 uende kwa R-134a kunawezekana, lakini ni kazi yenye taratibu. Hutolewa gesi yote kwa mashine ya kunyonya na kutiwa katika mtungi, isiachwe itoroke. Huondolewa oili ya zamani kadiri inavyowezekana, na kutiwa oili ya esta inayokubali gesi mpya. Hubadilishwa ringi za mpira, mipira iliyochoka, na lile chujio la kunyonya unyevu. Hufungwa viungio vya kujazia vya namna mpya ili mtu asichanganye gesi. Hubandikwa kibati kipya cha kusema mtambo sasa una gesi gani, oili gani, uzito gani. Na gesi mpya hutiwa pungufu kidogo, kama asilimia 80 mpaka 90 ya uzito ulioandikwa kwa ile ya zamani.

KAZI ILIVYOFANYIKA KWA HAKI

Tulimpa mzee siku nne. Hatukumharakisha. Nasi tulisimama pale, tukaandika kila hatua.

Siku ya kwanza alitafuta tundu. Alitia naitrojeni kavu kutoka katika mtungi wenye kipunguza mgandamizo, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Mpira mmoja karibu na kompresa ulitoa mapovu madogo madogo kama uji unaochemka. Kwenye sili ya kompresa aliona oili imeshika vumbi. "Penye oili na vumbi, hapo gesi imepita," alisema.

Siku ya pili na ya tatu alibadilisha vitu tulivyovitaja.

Siku ya nne alifunga pampu ya kunyonya hewa, akaiacha ifanye kazi zaidi ya saa moja. Kwa nini? Hewa ikibaki ndani huchukua nafasi ya gesi na kuzidisha mgandamizo. Unyevu ukibaki huganda barafu kwenye lile tundu dogo na kuziba njia, tena huzaa asidi inayokula vyuma. Katika ombwe maji huchemka hata bila moto, na pampu huyatoa.

Hapa mzee alitufundisha jambo ambalo mafundi wengi hawalijui. Kitabu husema sindano ishuke karibu na inchi 30 chini ya sifuri. Hayo ni ya pwani, Mombasa au Dar es Salaam. Mbale iko juu ya usawa wa bahari zaidi ya mita 1,100, hewa yetu ni nyepesi, na kwa geji ya kawaida sindano itakoma karibu na inchi 26. Fundi asiyejua hilo atalaumu pampu nzima, ama atasubiri mpaka jioni. Mzee alifunga vali, akazima pampu, akangoja nusu saa. Sindano haikupanda. Hapo akasema, "Sasa tumeziba."

Kisha akaweka mtungi wa gesi juu ya mizani. Alitia kwa uzito. Hakutia kwa kukisia. Alitueleza kwamba geji peke yake hudanganya: mtambo ukiwa umezimwa na hewa ina digrii 30, sindano itasoma karibu paundi 97, iwe gesi ni nyingi au ni kidogo, mradi kuna maji yake kidogo yaliyobaki ndani. Akawasha injini, akamalizia kwa kutia gesi polepole upande wa mgandamizo mdogo, mtungi ukiwa wima ili ipite gesi tupu. Maji yakiingia katika kompresa huivunja, maana maji hayabanwi.

Baridi ikaja. Mpaka tunaandika haya, miezi saba imepita, haijapungua.

HATARI TUNAZOTAKA KILA FUNDI AZIJUE

Ndugu, wengi wenu mna watoto katika gereji hizi, na wengine mnafanya kazi katika viwanda vyenye mitambo ya baridi: maziwa, samaki, soda, bia. Kateni sehemu hii muibandike ukutani.

1. R-134a huchemka kwenye digrii 26 chini ya sifuri. Ikikupata ikiwa maji, hugandisha nyama ya mwili. Vaa glavu na miwani. Ukipatwa, osha kwa maji ya uvuguvugu, usisugue, usipashe kwa moto. Nguo iliyogandia ngozi isivutwe kwa nguvu. Jicho lioshwe kwa maji safi dakika 15, kisha hospitali.

2. Gesi hii ni nzito kuliko hewa zaidi ya mara tatu, na haina harufu ya kukuonya. Hushuka na kulala katika shimo la gereji. Mtu aliye shimoni hukosa pumzi, akaanguka bila kelele, na anayeruka kumwokoa naye huanguka. Usiiachie gesi juu ya shimo, wala usifanye kazi hii katika chumba kilichofungwa.

3. Usivute sigara wala usichome weldingi penye gesi hewani. Ikipita katika moto hugeuka moshi wa sumu unaounguza koo na mapafu.

4. Usifungue kopo upande wa mgandamizo mkubwa injini ikiwa inazunguka. Mgandamizo utarudi katika kopo nalo litapasuka mkononi.

5. Mtungi usipashwe kwa jiko wala mwali wa moto. Usijazwe kupita asilimia 80, maana gesi hupanuka kwa joto.

6. Kupima uvujaji kwa oksijeni ni marufuku kabisa. Oksijeni ikikutana na oili chini ya mgandamizo hulipuka. Tumia naitrojeni.

7. Usitie gesi ya kupikia. Wapo wanaoitia kwa kuwa ni rahisi na inapoza. Lakini rejeta moja iko ndani pamoja na abiria. Ikivuja, cheche moja inatosha kuchoma basi lote.

8. Ogopa gesi ya bandia. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya melini yaliyokuwa yametiwa gesi chafu kule Vietnam, iliyouzwa kama R-134a, yalilipuka bandarini. Ndani yake mlikuwa na kemikali inayopigana na alumini. Wafanyakazi 3 walikufa, wawili Vietnam na mmoja Brazil. Hao walikuwa wafanyakazi kama sisi, wakifanya kazi yao ya kila siku, na aliyechanganya gesi ile hakuwa karibu wakati ilipolipuka.

"HUYU ANAJIFUNZA TU"

Turudi kwa kijana wetu. Tulipomwuliza amefanya kazi pale muda gani, alisema mwaka mmoja na miezi mitatu, kila siku, kutoka asubuhi hadi jioni, akilipwa kwa siku. Tukamfungulia sheria.

Kanuni za Kazi za mwaka 2011 zinasema kwamba kibarua akifanya kazi miezi 4 mfululizo, si kibarua tena, anastahili mkataba. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake na awape vifaa vya kujikinga. Na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inampa haki ya fidia na ya gharama za matibabu mtu aliyeumia akiwa kazini, hata kama yeye mwenyewe hakuwa mwangalifu. Neno "alikosea mwenyewe" si kinga ya mwajiri.

Tulikwenda naye kwa afisa wa kazi. Bosi aliitwa. Mwanzoni alipiga meza. Baadaye alipoona karatasi ya daktari na mashahidi, yule mama wa chai akiwa wa kwanza, alikubali kulipa hospitali na ujira wa wiki ambazo kijana hakufanya kazi. Fidia ya kile kidole bado tunaidai. Hatutawadanganya kwamba tumeshinda yote.

Lakini kabla ya kwenda kwa bosi tulikwenda kwanza nyumbani kwa kijana, tukaketi na mama yake. Tulimwambia, "Mama, mwanao alituonya, nasi hatukumsikiliza." Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ninyi angalau mmekuja." Tangu siku hiyo hatukulala vizuri kwa usiku kadhaa. Tumezoea kusema kwamba mwajiri hubana bei ya jasho la mfanyakazi. Siku ile sisi tulibana bei ya jasho la mfanyakazi, tena kwa jina lenu.

TULIYOAMUA

Kamati ya tawi imekaa na kuamua haya, na mkutano mkuu utayathibitisha.

Kwanza, basi letu halitatengenezwa katika gereji isiyo na glavu, miwani na mizani. Tutauliza kabla ya bei.

Pili, fundi akisema kazi ni ya siku mbili, ni ya siku mbili. Ratiba yetu itangoja.

Tatu, tumemwambia fundi wa bodi atufungulie madirisha mawili kila upande, ili siku mtambo ukigoma watu wasipikwe.

Nne, tumeanza kuwaandikisha vijana wa gereji za Mbale. Mpaka sasa wamekuja 11. Jioni ya kila Alhamisi wanakutana ndani ya basi hilo hilo, na fundi mzee anawafundisha. Yule kijana wetu ndiye anayewafungulia mlango kwa mkono wa kushoto na kuwaonyesha ule wa kulia. Hahitaji kusema mengi.

Mzee aliyetuuliza juu ya hewa ya barafu alikuja Alhamisi iliyopita, akaketi nyuma, akasikiliza mpaka mwisho. Alipotoka alisema, "Baridi ni nzuri, lakini nimependa zaidi kuona hawa vijana wana kitabu cha uanachama mfukoni." Nasi tunasema hivyo hivyo. Anayewatengenezea wenzake gari naye ni mfanyakazi mwenzetu, na bei ya haki tunayoidai kwenye lango la kiwanda ndiyo tunayopaswa kulipa kwenye lango la gereji.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Umoja ni nguvu!